Ukumbusho wa Kina Mama wa Vita Usimame Wapi?

Katika kiwanja kiitwacho Barker's Pool, katikati ya mji wa Sheffield ulio kaskazini ya Uingereza, wanawake wawili wa shaba wanakwenda bega kwa bega, mikono imepitana viwikoni kama wendani wawili waliotoka kazini, nguo zao ni za kiwandani na vichwa vyao viko juu. Na si mbali na walipo umesimama mlingoti mrefu wa bendera, uliozinduliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wanaume wa mji huo waliokufa vitani, ambao chini yake askari wanne wa shaba wameinamisha vichwa na kupindua bunduki zao, mitutu ikielekea chini, kwa kawaida ya askari wamlindapo maiti. Kando ya kiwanja zipo nguzo nene za ukumbi wa mji, jengo lililofunguliwa mwaka 1932, na mtazamaji mwenye subira akizikaribia huona mabaka na matundu yaliyochimbwa na vipande vya bomu la wakati wa vita, ambayo mji umeyaacha yabaki kama yalivyo.

Sanamu hizo za wanawake, alizozifanya Martin Jennings na zikazinduliwa tarehe 17 Juni 2016, zina uzuri wake, walakini sikukaa kuandika ili nizisifu. Lililonishughulisha ni pale zilipowekwa. Mtu aweza kuwafanyia wafu wake sanamu nzuri kupita zote, kisha akazitia nyuma ya maegesho ya magari, na kazi yote ya mikono ya fundi ikawa kama udi uliofukizwa katika nyumba isiyo na watu. Na mwingine aweza kuweka jiwe dogo lisilo na nakshi mahali wapitapo watu asubuhi na jioni, na jiwe lile likapata haiba ya kaburi la walii. Aghalabu kamati za ukumbusho hubishana miezi mingi juu ya uso wa sanamu, urefu wake na majina ya kuandikwa chini yake, na suala la mahali likaachiwa mpima viwanja, ilhali mahali ni nusu ya maneno yote ambayo ukumbusho utayasema.

Ili tulipime jambo hili kwa insafu, yafaa kwanza tujue kina mama hao walifanya nini. Sheffield ni mji wa feleji. Bonde la mto Don, upande wa mashariki, katika vitongoji vya Attercliffe na Brightside, lilijaa matanuri na nyundo kwa zaidi ya miaka mia, na vita vilipozuka mwaka 1939 bonde hilo likawa mojawapo ya ghala kuu za silaha za dola ya Kiingereza. Katika kiwanda cha Vickers ilikuwamo nyundo moja ya tani 15, na mwanzoni mwa vita haikuwapo nchini kote nyundo nyingine iliyoweza kufua krankishafti za injini ya Merlin, injini iliyorusha ndege za Spitfire na Hurricane. Kwa hiyo yaweza kusemwa bila kutia chumvi kwamba ulinzi wa anga ya taifa zima ulitundikwa, kwa muda, juu ya kipande kimoja cha chuma katika bonde moja.

Wanaume walipokwenda majeshini, nani angesimama mbele ya moto ule? Mnamo Desemba 1941 ilipitishwa sheria iliyowalazimisha wanawake wasio na waume, wenye umri wa miaka 20 hadi 30, kuandikwa ama katika vikosi ama katika kazi za vita. Hivyo wasichana waliokuwa wakiuza dukani, au wakishona, au wakiwasaidia mama zao jikoni, walijikuta wamepanda juu ya winchi zitambaazo chini ya dari ya kiwanda, na chini yao ndoo za feleji iliyoyeyuka ikitoa cheche; wengine walisimama kwenye mashine za kukereza, wengine wakapanga na kupima makombora, zamu ya mchana na zamu ya usiku, kisha asubuhi, macho yamewavimba, wakapanga foleni ya mgao wa chakula pamoja na wale waliolala. Ujira wao ulikuwa chini ya ujira wa mwanamume aliyeifanya kazi ile ile. Mama zao katika vita vya 1914 walikuwa wamekwisha kuionja kazi hiyo, wakatolewa mara tu amani iliporejea, na binti hawakupata bahati bora kuliko mama: ilipofika 1945 wanaume walirudi, nafasi zikarudishwa kwao, na kina mama wakapewa barua fupi ya kuwaarifu kwamba hawahitajiki tena. Walirudi majumbani, wakaolewa, wakazaa, wakanyamaza.

Walinyamaza zaidi ya miaka 60. Mwaka 2008 serikali ya Uingereza iliwapa beji ya shukrani wanawake waliolima mashamba na kukata miti wakati wa vita. Na mwaka uliofuata bibi mmoja wa Sheffield, aliyekwisha kupita miaka 80, alilipigia simu gazeti la mji wake akalalamika kwamba waliofua feleji hawakukumbukwa na mtu. Wakajitokeza wenzake watatu, wakawa wanne, na kina bibi hao wanne ndio waliobeba shauri lote mbele ya mji. Liliwekwa kwanza bamba la shukrani katika kiwanja kile kile cha Barker's Pool, kisha fedha za sanamu zikachangwa, sehemu kubwa na watu wa kawaida, hata mwaka 2016 pazia likaondolewa mbele ya kina bibi waliobaki hai, wengine wamekaa katika viti vya magurudumu.

Sasa, hoja ya kwanza imjiayo mtu ni kwamba ukumbusho wa kazi husimama palipofanywa kazi, na kwa kanuni hiyo wanawake wale wawili wangalistahili kuwa bondeni. Lakini bonde lenyewe liko wapi? Palipokuwa na kiwanda kikubwa cha Hadfields, kilichotengeneza makombora katika vita vyote viwili, sasa pana jengo la maduka liitwalo Meadowhall, lililofunguliwa mwaka 1990, na ndani yake, miongoni mwa viatu na manukato, zimo sanamu za shaba za wafanya kazi wa kiume wakimimina feleji. Sina ugomvi na sanamu hizo. Ila nasema kwamba sanamu iliyowekwa ndani ya mali ya mtu ni mgeni wa mwenye mali: itaonekana saa za kufungua duka, itafunikwa mapambo ya Krismasi yakija, na siku mpango wa maduka ukibadilika itasogezwa kama kabati. Kina mama ambao wamekwisha kuambiwa mara moja kwamba hawahitajiki tena, haifai wawekwe mahali ambapo neno lile laweza kurudiwa.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nayo imeandikwa katika nguzo za ule ukumbi. Usiku wa tarehe 12 Desemba 1940 ndege za Wajerumani zilikuja Sheffield, na mabomu mengi ya usiku huo yakaangukia katikati ya mji, penye maduka na sinema na hoteli, kuliko bondeni. Katika hoteli ya Marples peke yake, katika uwanja wa Fitzalan, walikufa watu wapatao 70 waliojificha chini ya ardhi. Usiku wa tarehe 15 zikarudi kwa viwanda. Waliokufa katika siku hizo mbili wanazidi 660. Basi yeyote asemaye kwamba kati ya mji hapahusiani na kazi ya vita amesahau kwamba msichana aliyetoka zamu alipita hapo kwenda nyumbani, na kwamba medani, ambayo twadhani iko ng'ambo ya bahari, ilikuwa imeshuka juu ya paa la duka aliponunua kofia yake. Mahali penye kovu hapahitaji kuombewa ruhusa.

Nionavyo mimi, mji ule ulichagua sawa, na ulichagua sawa kwa sababu ndogo kuliko zote: pale pana njia ya miguu. Kituo cha tramu kiitwacho kwa jina la ukumbi huo kiko jirani, kina bibi waliweza kufika bila kubebwa, na mjukuu anayekwenda kusikiliza muziki ukumbini hupita karibu kiasi cha kuweza kugusa mkono wa shaba. Zaidi ya hayo, kule kuwaweka kina mama katika uwanja mmoja na wanaume, bila uzio kati yao, wale wakiomboleza na hawa wakienda zao, kumefanya kile ambacho maandishi ya jiwe yasingeweza kufanya. Hawakupewa pembe ya wanawake. Nani asiyejua, katika miji yetu na ya wengine, jinsi pembe ya wanawake inavyokuwa ni pembe ya nyuma?

London ilifuata shauri jingine. Katika barabara ya Whitehall, ambako zimo wizara, na ambako mnara wa wafu uitwao Cenotaph umesimama tangu mwaka 1920, Malkia Elizabeth wa Pili alizindua tarehe 9 Julai 2005, siku mbili tu baada ya mabomu yaliyoua watu katika treni na basi za mji huo, ukumbusho wa wanawake wa Vita Vikuu vya Pili. Ni kitu kikubwa cha shaba nyeusi, kimo chake futi 22, na hakina mwanamke hata mmoja. Fundi wake, John Mills, ametundika ubavuni mwake seti 17 za nguo, koti, kofia, joho la muuguzi, kinga ya uso ya mchomeleaji, kama zinavyotundikwa kwenye misumari mwisho wa zamu. Na herufi zake zimefuata herufi za vitabu vya mgao wa chakula. Maana yake ni wazi na inachoma: walivua, wakatundika, wakaenda zao nyumbani.

Kwa hadhi, hakuna mahali katika ufalme ule panapopita Whitehall. Kila mwaka mwezi wa Novemba maaskari wa zamani hupita hapo kwa gwaride, na kina mama, au nguo zao, huwatazama. Lakini hadhi ina gharama yake. Ukumbusho umesimama katikati ya barabara, magari yakienda upande huu na kurudi upande ule, na kina bibi wa miaka 80 na ushei waliozivaa nguo zile ilikuwa lazima wavuke njia ya mabasi ili wazisome. Aliyechagua pale alifikiri, nadhani, juu ya waziri apitaye ndani ya gari akiinua macho, na fikira hiyo si mbaya, maana mawaziri nao wanahitaji kukumbushwa. Ila mimi ningalipenda kujua mwenye koti angekaa wapi akichoka.

Mfano wa tatu uko Marekani, na huo nauheshimu kwa namna nyingine. Katika mji wa Richmond, kwenye ghuba ya San Francisco, karakana nne za Henry Kaiser ziliunda meli 747 wakati wa vita. Na mojawapo ya meli hizo, SS Robert E. Peary, ilianzwa na kushushwa majini mwezi wa Novemba 1942 kwa muda wa siku nne na saa 15, katika karakana namba mbili. Waliochomelea mabati usiku na mchana walikuwa wanawake kwa maelfu, weupe na weusi, na wale weusi, ambao wengi wao walitoka Louisiana na Texas, chama cha wafanya kazi kiliwatenga katika matawi yao wenyewe, wakatoa ada kama wenzao bila kuwa na kauli kama wenzao. Karakana zilipofungwa ardhi ikakaa, kisha ikajengwa nyumba za kupendeza na bandari ya mashua za anasa. Na ilipofika tarehe 14 Oktoba 2000, katika bustani iliyo juu ya karakana ile ile namba mbili, ulizinduliwa ukumbusho ambao haukutafuta uso wa mtu. Susan Schwartzenberg na Cheryl Barton walichora njia ya kutembea yenye urefu wa mkuku wa meli, kutoka tezi hadi omo, ikiteremka kuelekea majini. Mgeni huutembea mkuku. Akifika mwisho wake, mbele yake ni maji, na ndipo afahamu kwa miguu yake jinsi kitu kile kilivyokuwa kirefu, na kwamba watu walikiunga kipande kwa kipande.

Hapo ndipo kanuni ya palipofanywa kazi inapothibitika, kwa kuwa ardhi yenyewe ilikuwa na kipimo cha kutoa. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba bustani ile hufikiwa na aliyenuia. Mpita njia hafiki. Atakayefika ni mwenye habari tayari, au jirani mwenye mbwa.

Washington nao wanalo shauri hilo mikononi, maana mwisho wa mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kuruhusu ukumbusho wa wanawake waliofanya kazi za vita ndani ya nchi wakati wa vita vile. Na kwa kuwa eneo la katikati ya mji mkuu huo lina sheria yake ya mwaka 1986, na Bunge lilikwisha kutamka mwaka 2003 kwamba kiini chake ni kazi iliyokamilika, kila anayetaka kuweka jiwe pale hupitishwa katika tume moja baada ya nyingine kama maharusi wanaoulizwa ukoo. Sicheki. Mahali palipojaa majemadari panahitaji mlinzi wa mlango, ijapokuwa ni ajabu kidogo kwamba mlango ulifungwa kabla ya kina mama hawa kuingia.

Nimeyaandika haya nikiwa na mahali petu moyoni. Katika Dar es Salaam yule askari wa shaba alisimamishwa mwaka 1927, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Nairobi nayo, mwaka 1928, ikasimamisha sanamu tatu, nazo zote ni za wanaume, mpagazi mmoja akiwa miongoni mwao. Hilo la mpagazi ni jambo la insafu, kwani vita vya 1914 katika nchi zetu vilibebwa kichwani na mamia ya maelfu ya wapagazi, na jina la kikosi chao, lililotamkwa kwa ulimi wetu, ndilo lililobaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, mahali palipokuwa kambi zao. Lakini mpagazi alipochukuliwa, jembe lilishikwa na nani? Nafaka iliyoliwa na majeshi mawili, lile la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma na lile la Waingereza lililolifuata, ilipandwa na kupaliwa na kutwangwa na kina mama, na ilipokwisha kunyang'anywa pamoja na ng'ombe, na mvua ikakataa, Ugogo ikaingia katika njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wake za askari walitembea nyuma ya safu wakibeba sufuria na watoto. Na vita vya pili vilipokuja, wanaume wakapelekwa kwa amri katika mashamba ya mkonge na mpira, mashamba ya nyumbani yakabaki katika mikono ile ile.

Hao hawana hata bamba. Iwapo siku moja mji wetu, au mwingine wowote katika Afrika Mashariki, utalishika shauri hili, naomba mahali patafutwe kabla fundi hajatafutwa. Wale wenye kupenda hadhi watataka ukumbusho uwe karibu na yule askari, penye mabenki na maofisi, na hoja yao isidharauliwe, maana Sheffield ilifanya hivyo ikapatia. Lakini kura yangu naitia Kariakoo. Pale jina limekwisha kukaa zaidi ya miaka 100, na pale kina mama wangali wanabeba, saa kumi na moja alfajiri, mafungu ya mchicha na matenga ya nyanya, wakishuka katika malori, na hapana mtu wa kuwaonyesha kwamba ardhi waliyoikanyaga ni kambi ya waliochukuliwa kutoka kwa bibi zao. Wenye mamlaka waende wapime saa hiyo, si saa nne baada ya chai. Waangalie njia ipi haizibwi na magari na upande upi unapata kivuli mchana. Wawaulize wauzaji wenyewe. Na pawekwe viti vya kukalia.